Mkungu na Chipukizi

Hapana shaka kwamba kutoa ni tendo jema, wala hapana watu duniani wasiomsifu mtoaji. Walakini wema wa kutoa haumalizi swali la kitolewacho. Mtu aweza kumpa jirani kitu kikamfaa siku moja kikaisha. Na mwingine aweza kumpa jirani kitu ambacho siku ile hakimfai hata kidogo, lakini baadaye kikamfaa yeye na wanawe kwa miaka mingi. Nani kati ya wawili hawa ametoa zaidi? Na je, yule wa kwanza, ambaye zawadi yake humrudisha jirani mlangoni kila njaa inapoingia, amemtendea hisani au amemfunga kamba?

Muleba, kama popote katika nchi ya Buhaya, swali hili halihitaji maelezo marefu, kwani hujibiwa kila siku katika kibanja. Kibanja cha Mhaya ni shamba na makao pamoja: migomba imeizunguka nyumba, mibuni imesimama kati ya migomba, na maharage yametambaa chini yake. Mwenye kibanja aweza kumpa jirani mkungu wa ndizi, nao utapikwa na kuliwa, na baada ya siku chache patabaki maganda. Aweza pia kumpa chipukizi lililochimbwa penye shina la mgomba. Hilo litamlazimu jirani kuchimba shimo, kutia samadi, kupalilia, na kungoja mwaka au zaidi kabla ya kuuona mkungu wa kwanza. Aliyepewa mkungu amepewa chakula. Aliyepewa chipukizi amepewa kazi. Hata hivyo hapana mtu wa Muleba atakayesema kwamba aliyepewa chipukizi amepunjwa.

Swali hili lawahusu pia wanaogawa maarifa. Mwalimu, mwandishi na mhariri ni watoaji. Na wao huchagua kati ya mkungu na chipukizi, ijapokuwa aghalabu huchagua bila ya kujua kwamba wamechagua. Ili jambo lipimwe kwa mfano wa hakika, insha hii yachukua historia ya gazeti moja lililodumu kwa miaka takriban ishirini na mitatu, gazeti la kompyuta za nyumbani lililoitwa Byte, pamoja na wenzake wachache waliofanya kazi kama yake. Mfano huu watoka mbali, lakini jambo la mbali likipimwa kwa mizani ya nyumbani uzito wake huonekana upesi.

Mwezi wa Januari mwaka 1975 gazeti la Marekani liitwalo Popular Electronics liliwatangazia wasomaji wake kompyuta ndogo iliyoitwa Altair 8800. Kabla ya hapo kompyuta ilikuwa mali ya serikali, majeshi, mabenki na vyuo vikuu: chombo cha thamani kubwa, chenye chumba chake na wahudumu wake, ambacho mtu wa kawaida hakukiona ila katika picha. Altair iliuzwa kwa takriban dola 400, nayo iliuzwa kama furushi la vipande. Mnunuzi alipaswa kuviunga mwenyewe kwa risasi na moto wa pasi ya fundi. Alipokwisha kuiunga alikuta haina kibodi wala kioo. Alisema nayo kwa kupandisha na kushusha swichi zilizokuwa usoni pake, nayo ikamjibu kwa kuwaka na kuzimika kwa taa ndogo. Maelfu ya watu waliinunua, na mara walijikuta wana mashine bila ya mwalimu.

Ndipo Wayne Green, aliyekuwa mchapishaji wa gazeti la mafundi wa redio katika mji mdogo wa Peterborough, jimbo la New Hampshire, alipomwita kijana Carl Helmers awe mhariri wa gazeti jipya. Toleo la kwanza la Byte lilitoka mwezi wa Septemba mwaka 1975. Yafaa msomaji aangalie jinsi gazeti lile lilivyofundisha. Halikuwaambia wasomaji wake nini cha kununua tu. Liliwachorea njia za umeme ndani ya mashine, likawachapia orodha za amri ambazo mtu aliweza kuziingiza mwenyewe, mstari kwa mstari, hata programu ikakamilika. Tangu mwaka 1977 hata mwaka 1988 fundi mmoja, Steve Ciarcia, aliandika humo makala kila mara ya vyombo alivyovitengeneza kwa mkono wake, na michoro yake ilikuwa wazi kwa kila aliyetaka kutengeneza vingine mfano wa vile.

Tena gazeti lile lilichukua kazi ya upatanishi. Mafundi wa wakati ule walihifadhi programu zao katika kanda za kaseti za kawaida, zile zile za kurekodia nyimbo. Lakini kila mmoja alikuwa na desturi yake, na kanda ya huyu haikusomeka katika mashine ya yule. Mwezi wa Novemba mwaka 1975, toleo la kwanza likiwa na umri wa miezi miwili tu, Byte liliwaita watengenezaji katika mji wa Kansas City, wakakubaliana juu ya kanuni moja: sauti moja ya mitetemo 1,200 kwa sekunde, na nyingine nyembamba zaidi ya mitetemo 2,400, na kwa sauti hizo mbili kila neno la mashine likaweza kuandikwa. Kanuni hiyo haikuwa mali ya mtu. Aliyeitumia hakumlipa yeyote wala hakumnyima yeyote.

Hapa tabia ya zawadi ya chipukizi yaonekana kwa dhahiri. Mtu aliyenakili orodha ya amri kutoka katika ukurasa aliketi saa nyingi akiandika alama ambazo mwanzoni hazikuwa na maana kwake. Mkato mmoja ukipotea, au nambari moja ikigeuzwa, programu nzima ilikataa kwenda. Mashine haikumkemea wala haikumhurumia, ilisimama tu. Naye alilazimika kurudi, akalinganisha mstari na mstari, akauliza kila amri inafanya nini, hata akaliona kosa. Katika utafutaji huo elimu ilimwingia. Baada ya miezi kadhaa alianza kubadilisha mstari huu na ule ili aone kitakachotokea. Na mtu anapofika hapo ameacha kuwa mnakili, amekuwa mtungaji.

Walakini isisemwe zaidi ya kweli. Wengi walinakili bila ya kufahamu, wakachoka, wakaacha. Kunakili peke yake si kujifunza, kama vile kushika jembe peke yake si kulima. Ubora wa desturi ile haukuwa katika taabu ya vidole. Ulikuwa katika uwazi wa maandishi. Kila kilichokuwa katika programu kilikuwa mbele ya macho ya msomaji. Aliyetaka kujua aliweza kujua, na asiyejua hakuzuiwa ila na uvivu wake au udogo wa nafasi yake.

Mapema sana, hata hivyo, pakazuka ugomvi wa haki. Kijana Bill Gates na mwenzake Paul Allen walikuwa wameitungia Altair lugha ya amri iitwayo BASIC. Kanda za karatasi zenye lugha hiyo zilinakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Mwezi wa Februari mwaka 1976 Gates aliandika barua ya wazi kwa mafundi wa nyumbani, akawashitaki wengi wao kwa wizi. Hoja yake ilikuwa rahisi: alisema kwamba muda wa kompyuta uliotumika katika kazi ile ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000, lakini fedha waliyopata kwa kila saa ya kazi haikufika dola mbili. Nani, aliuliza, atafanya kazi ya ustadi pasipo ujira?

Wakati huo huo jibu jingine lilikuwa likiandaliwa California. Kikundi kimoja cha elimu ya watu wote kilichoitwa People's Computer Company kilikuwa kimechapisha maelezo ya jinsi ya kutunga BASIC ndogo, na kikawaomba wasomaji waitunge wenyewe. Wakatokea watu wawili wa Texas walioitunga na kuileta ichapishwe. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa, mwezi wa Januari mwaka 1976, gazeti la Dr. Dobb's Journal. Lilikusudiwa kutoka mara tatu tu, kisha life. Lakini wasomaji walilileta tena na tena kwa kazi zao, na gazeti lililopewa matoleo matatu likaendelea kuchapishwa hata mwaka 2009.

Mwenye kupima kwa haki hawezi kumtupa mmoja wa wagomvi hawa bila kumsikiliza. Gates alisema kweli aliposema kwamba jasho lina haki. Mtu anayekesha akitunga ana watoto wa kulisha, na jamii inayokula kazi yake bila kumlipa yamla yeye mwenyewe. Lakini wenziwe nao walisema kweli nyingine, kwamba maarifa si kama mkungu. Mkungu ukiutoa huna. Chipukizi ukilitoa shina lako limebaki, na pengine kwa kupunguziwa machipukizi litazaa vizuri zaidi. Kosa la wanaonyang'anya kazi ya mtungaji ni kulifanya jasho kuwa si kitu. Na kosa la wanaofungia maarifa yote ghalani ni kulifanya chipukizi kuwa mkungu. Kati ya makosa haya mawili pana njia nayo yapitika: mtungaji alipwe, na siri ya kutunga ifundishwe. Byte lenyewe lilipita njia hiyo. Waandishi walilipwa, gazeti liliuzwa, na michoro ilibaki wazi.

Asaa msomaji wa Muleba ana pingamizi hapa, tena pingamizi lenye nguvu kuliko la Gates. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria wa migomba, ambao ulikwisha kuonekana Uganda mwaka 2001, uliripotiwa kwa mara ya kwanza Tanzania, na mahali ulipoonekana ni Wilaya ya Muleba. Majani ya migomba yaligeuka rangi ya njano na kunyauka, ndizi ziliiva kabla ya wakati wake na kuoza kwa ndani, na vibanja vilivyorithiwa kwa vizazi vikaharibika machoni pa wenyewe. Wadudu waliueneza ugonjwa kwa kutua juu ya maua dume. Mapanga yaliueneza kwa kutoka shina hili kwenda shina lile. Na miongoni mwa waenezaji lilikuwamo chipukizi lenyewe. Jirani mwema, aliyekusudia kutoa shamba, alitoa maradhi. Je, baada ya hayo bado yafaa kusema kwamba chipukizi ni bora kuliko mkungu?

Pingamizi hili ni la kweli, na mfano wa magazeti walikubali badala ya kulikana. Orodha iliyochapishwa na kosa moja ilinakiliwa na kosa lile katika maelfu ya nyumba. Mchapaji aliyekosea nambari moja mjini aliwapotezea usiku mzima watu asiowajua. Kwa hiyo magazeti hayo yalijifunza kuchapa masahihisho, na gazeti jingine la Marekani, Compute!, lililoanza mwaka 1979 na kukoma mwaka 1994, lilikwenda mbali zaidi. Mnamo mwaka 1983 magazeti ya nyumba hiyo yaliwapa wasomaji programu fupi ya kukagua: kila mstari uliochapishwa ulifuatana na alama yake ya ukaguzi, na msomaji alipokwisha kuuandika mstari mashine ilikokotoa alama, zikilingana, mstari ulikuwa safi, zisipolingana, kosa lilijulikana papo hapo kabla halijazaa lingine.

Wakulima wa Kagera nao hawakujibu mnyauko kwa kuacha kupanda migomba. Walifundishwa kukata maua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kusafisha vyombo kwa moto au kwa dawa ya madoa, kung'oa mashina yaliyougua, na kupanda machipukizi yaliyothibitishwa kuwa safi. Kwa kadiri hii jibu la pingamizi ni moja katika shamba na katika gazeti. Zawadi ya kazi ina hatari ambayo zawadi ya chakula haina, kwa sababu inazaa. Na kinachozaa chaweza kuzaa mema au mabaya. Hatari hiyo haiondoi wema wa zawadi, bali huongeza wajibu wa mtoaji. Anayetoa mkungu mbovu ameharibu mlo mmoja. Anayetoa chipukizi bovu ameharibu kijiji, basi na akague kabla hajatoa. Na apokeaye, kwa kuwa amepewa uwezo wa kuzalisha, amepewa pia wajibu wa kuchunguza.

Yafaa sasa kugeuka na kutazama nchi yenyewe ambayo Muleba ni sehemu yake, kwani historia ya kompyuta Tanzania ina swali la maadili ambalo halijakwisha kujadiliwa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi za hesabu za wizara ziliongezwa juu ya mashine, lakini wataalamu wa kuiendesha walikuwa wageni, mipango ilikuwa mibovu, na hesabu zikavurugika hata gharama ya kuzirekebisha ikawa kubwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ni rahisi leo kucheka amri ile, na wengi huicheka. Lakini haki yadai kwamba sababu yake ielezwe kabla ya kuhukumiwa. Mashine iliyoletwa ikiwa imekwisha kuundwa, ikaendeshwa na mgeni, ikatengenezwa na mgeni, na ikiharibika ikamngoja mgeni, ni mkungu kwa maana kamili. Nchi iliyokuwa imetangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 ilikuwa na sababu ya kukataa kula katika sahani isiyoweza kuiosha. Katika mwaka ule ule wa 1974 lilianzishwa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu wa mikoa ya Ziwa, pamoja na Ziwa Magharibi, ambayo leo huitwa Kagera. Wasomaji wake walikuwa wakulima waliojifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima, na gazeti liliwapa habari za kilimo, afya na maisha ya vijiji kwa Kiswahili chepesi, ili elimu waliyoipata isinyauke kwa kukosa kitu cha kusoma. Hilo lilikuwa chipukizi hasa. Serikali iliyopiga marufuku mashine ilikuwa mkono wa pili ikigawa maandishi, na katika nia yake hapakuwa na ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Dosari ya amri ile haikuwa katika sababu yake, ila katika upana wake. Marufuku haikuweza kutofautisha mkungu na chipukizi. Iliizuia mashine kubwa ya wizara, na mwaka uliofuata, furushi la vipande lilipoanza kuuzwa kwa mafundi wa nyumbani, iliikuta mashine ndogo nayo imekwisha kuzuiliwa. Kile ambacho falsafa ya kujitegemea ingekipenda zaidi, yaani chombo ambacho mtu hukiunga kwa mkono wake na kukielewa hata msumari wa mwisho, kilifungiwa mlango pamoja na kile ilichokikataa kwa haki. Kijana wa mwaka 1980 aliyezaliwa na kipaji hicho, awe Muleba au Dar es Salaam, hakunyimwa anasa. Alinyimwa mlango wa kuingilia. Mtawala anayewalinda watu wake dhidi ya utegemezi hana budi kuuliza, kila anapofunga mlango, kama amemzuia bwana au amemzuia mwanafunzi.

Lakini nako kulikokuwa na uhuru wote wa kununua, chipukizi halikudumu. Mwaka 1979 Byte liliuzwa kwa kampuni ya McGraw-Hill. Likanenepa, katika miaka ya 1980 toleo moja liliweza kuwa na mamia ya kurasa, na sehemu kubwa ya kurasa hizo ilikuwa matangazo. Mashine zilianza kuja zimekwisha kuungwa, programu zikauzwa ndani ya maboksi yaliyofungwa, na maandishi yake hayakuonekana tena na msomaji. Kidogo kidogo swali la gazeti lilibadilika. Zamani liliuliza, kitu hiki kinafanyaje kazi? Sasa likauliza, kati ya vitu hivi kipi kinunuliwe? Mwaka 1998 lilinunuliwa na kampuni nyingine, CMP, na toleo la Julai mwaka ule likawa la mwisho. Lililolifuata njia ile Uingereza, Personal Computer World, lililoanza mwaka 1978, nalo lilikoma mwaka 2009. Gazeti la Ujerumani liitwalo c't, lililoanza mwaka 1983, lingali likitoka, na wasomaji wake hulisifu kwa kuwa halijaacha kufungua mashine na kutazama ndani.

Mwenye mali ana haki ya kufunga duka lake; hilo sheria yakubali. Lakini gazeti si duka tu. Wasomaji waliokuwa wakileta programu zao, masahihisho yao na barua zao walikuwa wamepanda katika shamba lile, ijapokuwa hati haikuandikwa kwa majina yao. Katika Buhaya desturi ya nyarubanja, ambayo ilimfanya mkulima kuwa mpangaji juu ya ardhi aliyoilima yeye na babu yake, ililalamikiwa kwa miaka mingi hata ikafutwa kwa sheria katika miaka ya 1960. Walioipinga walisema kwamba anayepanda na kupalilia hana budi kuwa na neno juu ya shamba. Hoja hiyo yastahili kukumbukwa kila mahali ambapo wengi hujenga hazina ya maarifa na mmoja huwa na ufunguo.

Labda mtu mwenye busara atasema kwamba maneno haya yote yamtwika raia mzigo usio wake. Mkulima wa kahawa Kamachumu ahitaji kujua bei na hali ya hewa. Ana haja gani ya kujua simu yake inavyofikiri? Mgonjwa hamtaki daktari amfundishe udaktari, ataka apone. Neno hili ni kweli, na aliyekataa mkungu wakati wa njaa kwa ajili ya falsafa ni mpumbavu. Hapana haja ya kila mtu kuwa fundi wa kila kitu. Lakini ni jambo moja kwa mtu kutojua kwa kuwa amechagua kazi nyingine, na ni jambo lingine kwa watu wote wa nchi kutojua kwa kuwa kujua kumefungwa. Katika kijiji ambamo wengine hulima na wengine hufua vyuma, asiyejua kufua hana hasara, kwani mfuaji ni jirani yake na mwanawe aweza kwenda kujifunza. Kijiji kisichokuwa na mfuaji hata mmoja, wala njia ya kumpata, hakina jembe. Kina jembe la kuazima.

Ushahidi wa neno hilo umo katika lugha yenyewe. Mwaka 2004 ilitolewa programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitayarisha. Haikuwalazimu kuomba ruhusa ya mwenye siri, kwa sababu programu iliyotafsiriwa ilikuwa ya aina ile ambayo maandishi yake yamewekwa wazi, na kila mtu ana haki ya kuyasoma, kuyageuza na kuyatoa tena. Programu iliyofungwa ingengoja hata mwenyewe aone faida katika Kiswahili. Iliyo wazi ilingoja tu watu wenye nia. Huo ulikuwa uzao wa desturi ile ile ya kurasa za mwaka 1975 na mwaka 1976.

Tangu mwaka 2009, mkongo wa kwanza wa mawasiliano wa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam, mambo yamekwenda kasi. Simu ya mkononi ya mwanafunzi wa Muleba leo ina nguvu kuliko kompyuta yote iliyovuruga hesabu za wizara. Tena, tangu mwisho wa mwaka 2022, zimeenea programu ambazo zikiulizwa hutunga insha, hufumbua hesabu na kuandika hata orodha za amri za mashine. Hapana mkungu mkubwa kuliko huu uliopata kuletwa mlangoni. Kuukataa hakufai, na amri ya mwaka 1974 imekwisha kuonyesha kwamba mlango ukifungwa kwa upana huwanyima wanaostahili. Kuupokea bila kufikiri nako hakufai. Mwanafunzi wa zamani aliyenakili orodha kutoka gazetini alikutana na kosa lake mwenyewe, na kosa likamfundisha. Mwanafunzi anayenakili jibu lililokamilika hakutani na kitu. Jibu likiwa la kweli hajui kwa nini ni la kweli, na likiwa la uongo hana kipimo cha kulikamatia. Yeye ni kama aliyepokea chipukizi asiyejua kulitambua lenye mnyauko, akalipanda katikati ya kibanja cha baba yake.

Kwa hiyo wajibu wagawanyika kwa watu watatu. Mtoaji wa maarifa, awe mhariri, mtengenezaji au mwalimu, asitoe jibu peke yake pale anapoweza kutoa na njia, na asitoe njia kabla hajaikagua. Mpokeaji asione haya kula mkungu akiwa na njaa, lakini asiridhike na mkungu katika jambo ambalo ndilo kazi ya maisha yake. Katika hilo adai chipukizi, achimbe, angoje. Na mwenye mamlaka, anapoogopa utegemezi, asifunge mlango mbele ya wanaokuja kujifunza.

Magazeti ya kompyuta za nyumbani hayatarudi kama yalivyokuwa, wala hapana haja ya kuyalilia. Karatasi zake zimezeeka na mashine zilizofundishwa humo zimekufa. Lakini swali lililoulizwa katika kurasa zake za kwanza, kitu hiki kinafanyaje kazi, lingali halali kwa kila mtoto, na shule ya Muleba yenye mwalimu mmoja anayelipenda swali hilo yaweza kuanza kesho kwa simu moja, karatasi na kalamu.